Mkija, Tuambieni Mtakavyoondoka

Leo nataka tuzungumze juu ya makaa ya mawe. Najua pale Lokichoggio kuna mzee amekwisha kumgeukia jirani yake na kumwuliza huyu wa redioni amekula nini, maana kutoka Kainuk hadi Nadapal hakuna shimo hata moja la makaa ya mawe. Nivumilie, mzee wangu. Tutafika kwako sasa hivi, na tukifika tutakaa.

Wajerumani waliamua kuachana na makaa ya mawe. Mwaka 2018 serikali yao iliunda tume, ikawaketisha pamoja wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi, watetezi wa mazingira, wanasayansi na watu wa maeneo yenyewe ya migodi. Wakabishana miezi kadhaa. Januari 2019 wakatoa ripoti, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria: mtambo wa mwisho uzimwe ifikapo 2038, na maeneo yaliyokuwa yakiishi kwa makaa yatengewe hadi euro bilioni 40 za kujenga reli, taasisi za utafiti na viwanda vya aina nyingine. Bilioni arobaini. Sisemi kwamba watu wa Lausitz, kule mpakani na Poland, wanashinda wakicheka. Wapo waliokasirika mpaka leo. Lakini kazi ilipoanza kwenda ukingoni, kuna mtu aliketi akahesabu nani atabaki mikono mitupu, yuko mji gani, na atasaidiwaje.

Sasa tuje Lokichoggio, Loki yetu.

Mwaka 1988 njaa na vita viliua watu wengi mno Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan ya wakati ule. Aprili 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha Operation Lifeline Sudan, UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakiwa mbele, na mashirika mengine zaidi ya 30 yakifuata. Walihitaji mahali penye usalama, karibu na mpaka, pa kutua ndege. Lokichoggio iko kilomita 30 hivi kutoka mpakani. Kituo kidogo cha wafugaji kati ya milima ya Mogila na Songot kikageuka bandari ya anga, na uwanja wake wa ndege ukawa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kuliko vyote Kenya.

Ukitaka kuijua kazi ya Loki ya miaka ile, usianze na rubani. Anza na gunia. Mwaka 1998, njaa iliporudi Bahr el Ghazal, ndege za Hercules zilikuwa zikiondoka na kurudi kutwa, kila moja na tani 16 hivi za nafaka. Zilikuwa hazitui kule. Zilishuka chini, zikainua pua, mzigo ukateleza na kudondoka nje kupitia mlango wa nyuma. Ukidondosha gunia la kawaida kutoka juu namna hiyo, mahindi yatamwagika uwanja mzima. Kwa hiyo nafaka ilivikwa gunia juu ya gunia: la ndani likipasuka, la nje lizuie. Nani aliyavika? Nani aliyashona, akayabeba mgongoni mpaka kwenye mbao, akayapanga yasiegemee upande mmoja ndege ikayumba? Ni vijana waliotoka malishoni, baba zao wakishangaa kwamba kuna mshahara usio na kwato. Nyuma yao wapishi wa kambi, wafua nguo, walinzi wa usiku, madereva, mafundi wa jenereta. Nyuma ya hao, mama wa uji aliyesimama langoni kabla ya jua, na mfugaji aliyejua kwamba mbuzi wake wa Ijumaa ana mnunuzi.

Na kulikuwa na Lopiding. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali hiyo mwaka 1987, kabla hata ya hilo jina la Operation Lifeline. Majeruhi wa vita vya Sudan waliletwa kwa ndege, wakapasuliwa, wakatengenezewa miguu ya bandia papo hapo kwenye karakana. Ilikua ikawa moja ya hospitali kubwa kabisa za upasuaji wa vita duniani. Na Mturkana aliyepigwa risasi kwenye wizi wa mifugo, au mama aliyeshindwa kujifungua, alipata hapo daktari wa upasuaji.

Tarehe 9 Januari 2005, jijini Nairobi, serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM wakatia sahihi mkataba wa amani. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mashirika yakaanza kuhamia Juba na Rumbek, karibu na watu waliokuwa wakiwahudumia. Ndiyo akili, hata ningekuwa mimi ningehama. Mwaka 2006 Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Ndege zikapungua. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, mahema yakakunjwa, jenereta zikapakiwa kwenye malori. Waliobaki walibaki na ua wa seng'enge, sakafu za saruji zisizo na nyumba juu yake, na barua za kazi zilizokwisha muda. Mama wa uji akabaki na sufuria kubwa kuliko wateja.

Hakuna tume iliyoundwa. Hakuna aliyekuja na kalamu kuuliza: ninyi mliokuwa mkivika magunia, mko wangapi? Mnajua kazi gani nyingine? Mifugo yenu mliiacha kwa nani, na bado ipo? Mji uliishi karibu miaka 17 kwa kazi moja, kazi ikaondoka, na kwenye vitabu vya serikali haikuandikwa kwamba kuna kiwanda kimefungwa. PanPaper ilipozima mitambo Webuye mwaka 2009, nchi nzima ilisikia, wanasiasa wakapishana langoni wakiahidi kuifufua. Loki haikupata hata hizo ahadi za uongo. Kwa sababu gani? Kwa sababu msaada hauhesabiwi kuwa kiwanda. Ukipoteza kazi ya msaada, wewe hujaachishwa kazi. Wewe mfadhili wako ameondoka, basi, sema asante.

Hapo ndipo pananikera.

Maana kuna jambo gumu ndani yake ambalo lazima tulikabili. Mtu wa Loki akisema tulipoteza, anaonekana kama analilia vita. Jirani yako amepata amani, wewe unahesabu mishahara? Ni aibu ya namna ileile inayowapata wachimba makaa. Dunia inawaambia: makaa yenu yanachafua hewa, yanaharibu mvua, kuyafunga ni neema kwa binadamu wote. Na ni kweli. Sisi tunaofukuzana na ukame kila mwaka tusiwe wa kwanza kutetea moshi. Lakini mchimbaji mwenye miaka 50 na mapafu mabovu anaposema nilipwe changu, hajasema moshi urudi. Vilevile kijana wa zamani wa magunia hasemi Sudan irudi vitani. Anasema faida ya kufungwa imekwenda kwa wengi, hasara imeangukia wachache, na hao wachache wanajulikana kwa majina na mitaa. Kwa nini wabebe peke yao?

Nitakupa mfano wa waliolibeba dai hilo vizuri, halafu nirudi nyumbani. West Virginia, Marekani, wachimba makaa walikuwa wakifa kwa vumbi lililoganda mapafuni. Kampuni zikasema ni pumu, ni sigara. Hata vigogo wa chama chao cha wafanyakazi hawakuwa na haraka. Februari 1969 wachimbaji wenyewe wakaweka zana chini bila ruhusa ya mtu, maelfu kwa maelfu, wakaandamana hadi makao makuu ya jimbo lao. Mwezi uliofuata jimbo likapitisha sheria ya fidia, na kabla ya mwaka kwisha kukawa na sheria ya taifa. Sehemu ninayoipenda mimi ilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uliundwa mfuko wa kuwalipa wagonjwa, na ukalishwa na kodi inayotozwa kwa kila tani ya makaa inayouzwa. Kila tani. Hawakungoja kampuni ifilisike ndipo waende kwa wakili. Dai lilifungwa kwenye tani ingali inatoka ardhini.

Sasa fikiria, kila ndege iliyotua Loki kuanzia 1989 ingeacha shilingi chache, si nyingi, kwenye mfuko wa mji. Mfuko wa siku ya kuondoka. Wa kufundisha mafundi, kununulia watu mifugo tena, kuiweka Lopiding na daktari wa upasuaji hata baada ya Msalaba Mwekundu kwenda. Kwa miaka yote ile ya ndege kutwa kucha! Mfuko huo ungetosha kwa mengi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeomba. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja, mwenyeji akapona, na hakuna aliyemwuliza mgeni atakaa mpaka lini.

Tusiwalaumu wazee wa wakati ule kupita kiasi. Wangedai kwa nani? Katiba ya 2010 haikuwepo. Serikali ya kaunti haikuwepo; Turkana ilikuwa wilaya, mkuu wake akiletwa kutoka mbali, na wengi wao walihesabu miezi ya kuhamishwa. Ardhi ya Loki ilikuwa ya amana chini ya baraza la kaunti la enzi hizo, na mwenye ng'ombe hakujua amana hiyo iko mfukoni mwa nani. Leo kisingizio hicho hatuna. Na leo, ndugu msikilizaji, Loki inataka kutokea tena sehemu mbili kwa mpigo.

Tuanze na Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Kaunti ikatoa hekta 1,500 za Kalobeyei kwa makazi mengine ya wakimbizi mwaka 2015. Leo wakimbizi wa huko wote kwa pamoja wanakaribia 300,000. Wachumi wa Benki ya Dunia walikadiria mwaka 2016 kwamba uwepo wa wakimbizi umeongeza pato la Turkana kwa asilimia 3.4. Miaka miwili baadaye IFC, tawi la benki hiyohiyo linalohusika na biashara za watu binafsi, likahesabu zaidi ya maduka na biashara 2,000 Kakuma, na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Haya ni makadirio ya wasomi. Mimi nitakuonyesha kitu kidogo zaidi.

Asubuhi mama wa Kiturkana anaingia kambini na gunia la mkaa kichwani. Mkaa wa mathenge, kwa kawaida, ule mti wa miiba ambao kila mtu anautukana na kila mtu anaupikia. Anajua mtaa gani unapika mapema na mtaa gani ulipata mgao jana. Anabisha kwa mteja wake, mama wa Kisudani au Kisomali, wanaongea Kiswahili cha kuungaunga, wanacheka kidogo, halafu bei. Mara nyingi bei si pesa. Ni gorogoro za unga, kikombe cha mafuta, dengu kidogo. Mgao wa mkimbizi ndio mshahara wa mchoma mkaa. Wala haukubadilika sana ulipoanza mpango wa Bamba Chakula mwaka 2015, wakimbizi wakaanza kupokea sehemu ya mgao kwa simu: unga ulipopungua, shilingi ikachukua nafasi, na mama akarudi nyumbani na chakula cha watoto.

Sasa weka kando gunia hilo utazame kilichotokea 2025. Januari Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai shirika lake la misaada, USAID, likavunjwa. Mgao Kakuma ukakatwa, ukakatwa tena. Machi wakimbizi wakaandamana. Baadaye familia zikapangwa makundi, na zile zilizohesabiwa kuwa zinajiweza zikaondolewa kwenye chakula kabisa. Magazeti yaliandika juu ya wakimbizi, na walistahili kuandikwa. Lakini yule mama wa mkaa? Hayumo katika kundi la kwanza wala la nne. Hayumo popote. Anatembea na gunia lake mpaka mlangoni kwa mteja, anaambiwa leo hatupiki, anajaribu nyumba ya pili, ya tatu, jua linapanda, anarudi nalo Lopur au Pelekech kama alivyolileta. Kwake mgodi umefungwa. Na kwa sababu kazi yake haikuwahi kuitwa kazi, hata neno la kulalamika kwa niaba yake hatuna tayari. Serikali ya taifa nayo ilipiga marufuku uchomaji mkaa 2018. Katika miaka iliyofuata yeye alikuwa msituni usiku, mhalifu, kwa ajili ya gorogoro mbili.

Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kupata huduma pamoja. Ni wazo zuri, na mimi ni katika wanaoamini kwamba Msudani aliyezaliwa Kakuma miaka 30 iliyopita ni mtu wa Kakuma. Ila tazama wakati wake: mpango unaosema sasa jitegemeeni umezinduliwa katika mwaka uleule pesa ilipokatika. Afrika Kusini walilipitia hilo pale Komati. Mtambo wa umeme wa makaa ulizimwa Oktoba 2022, miradi mipya ya jua na upepo ikaahidiwa, Benki ya Dunia ikatoa karibu dola milioni 500. Kazi za zamani zikaondoka siku hiyo. Kazi mpya zikaja kwa mwendo wa konokono. Tume ya Rais wao ya mambo ya tabianchi ilipokwenda kuwasikiliza watu wa pale, malalamiko makubwa yalikuwa hayo hayo: tulizimiwa kwanza, tukapangiwa baadaye.

Sehemu ya pili ni Lokichar, na hapa tunajua kudai, ila tunadai nusu.

Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza mafuta ya kisima cha Ngamia 1. Oktoba 2013 wananchi waliingia kwenye eneo la kuchimba wakitaka kazi na kandarasi, kampuni ya mafuta ya Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Juni 2018 Rais Kenyatta akapeperusha bendera ya malori ya kwanza ya mafuta. Kabla mwezi haujaisha wananchi wakayazuia barabarani, wakisema wanauawa na wavamizi huku polisi wakilinda mapipa. Malori yakakaa mpaka serikali ikaketi nao. Huo ni utetezi wa mashinani, tusiuonee haya, na ulizaa matunda. Katika Sheria ya Petroli ya 2019 jamii ya mahali penyewe ilipata asilimia 5 na kaunti asilimia 20. Watetezi wengi walisukuma: kanisa katoliki la Lodwar, mashirika kama Friends of Lake Turkana, lile la Ikal Angelei aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman 2012 kwa kupigania ziwa dhidi ya bwawa la Gibe III, na vijana wengi ambao hawajatunukiwa chochote.

Lakini rudia orodha ya madai. Kazi. Zabuni. Usalama. Asilimia. Yote ni madai ya siku za neema. Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka Mombasa. Mei mwaka uliofuata, na korona juu, Tullow ikatangaza dharura ya kimkataba na kusimamisha kazi. Mwaka 2023 wenzake wawili, Africa Oil na TotalEnergies, wakajitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza hisa zake kwa Gulf Energy. Kampuni tatu zimeingia na kutoka, na sehemu kubwa ya mafuta bado iko chini! Wenye malori walionunua kwa mkopo wakitegemea kandarasi walilipa mkopo bila kandarasi. Waliojenga nyumba za wageni Lokichar walipangisha popo. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, na sijaona ibara ya mkataba iliyosema kampuni ikisimama, ikiuza, ikiondoka, jamii itapewa notisi ya muda gani na vibarua watalipwa nini.

Nitaongeza jambo ambalo halitanipa marafiki. Waliokuwa mbele Lokichar mara nyingine ndio waliokuwa na malori. Unapomtuma mwenye lori kukutetea, atakutetea, lakini atarudi na mkataba wa lori. Mti wa wanaume, pale wazee wanapokaa kuamua mambo ya kraali, ni baraza tukufu na limetulinda karne na karne. Hata hivyo mama wa mkaa haketi hapo. Wala mlinzi wa usiku haketi, kwa sababu mchana amelala. Wanaoumia kazi ikiondoka ndio wasiokuwepo kazi inapogawanywa.

Na chombo tunacho. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36. Kasome, au mwambie kijana wako akusomee. Inasema mkataba wowote wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii lazima ukubaliwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii, na lazima useme wazi ardhi itarekebishwaje mradi ukikamilika au ukitelekezwa. Soma tena hapo: ukitelekezwa. Waliotunga sheria walijua watu huondoka. Kuna mapengo mawili. La kwanza, hapo penye kutelekezwa kifungu kinataja ardhi, hakitaji watu. Shimo litafukiwa, aliyelichimba hajatajwa. La pili ni letu wenyewe: sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana haijasajiliwa kwa jina la jamii, na isiposajiliwa inabaki mikononi mwa kaunti kwa niaba yetu. Kwa hiyo mkutano wa thuluthi mbili hauna wa kuuitisha. Tunalalamika kwamba hatuulizwi, na hatujajiandikisha kuwa watu wa kuulizwa.

Wakenya wenzetu wamekwisha kuonja. Bonde la Kerio, kampuni ya floraiti ilisimama 2016, na wenye ardhi Kimwarer waliendelea kudai fidia ya mashamba yaliyochukuliwa tangu miaka ya 1970. Kwale ni hadithi tofauti kidogo. Base Titanium ilichimba madini ya mchanga tangu 2013, na ilijulikana mapema kwamba mchanga utakwisha. Desemba 2024 ikafunga. Miaka kabla ya hapo watu walikuwa wakijadili mashimo yatafanyiwa nini, miti gani ipandwe, wafanyakazi wafundishwe nini. Na hata kwa maandalizi hayo yote, Kwale wanauliza mrabaha wao, ile asilimia 10 ya jamii katika Sheria ya Madini ya 2016, ambayo walisubiri miaka na mgodi ukiwa bado unafanya kazi. Ikiwa aliyejua tarehe ya kufungwa anahangaika hivyo, mwambie wa Loki aliyeshtukia tu asubuhi moja kimya uwanjani.

Sasa lami imefika, barabara ya kutoka Lokichar kwenda Nadapal, na malori ya Sudan Kusini yanapita Loki. Nasikia watu wakisema mji utaamka. Inawezekana. Ila lori halitui, linapita, na likisimama husimama pale panapouzwa chakula na panapolala salama. Hayo mawili yanahitaji maji ya bomba, taa, na amani na Watoposa ng'ambo ya mpaka, na yanaweza kuamuliwa Lodwar, makao ya kaunti, bila kungoja mfadhili. Kuhusu mafuta na kambi mambo yako mbali zaidi ya Lodwar, kwa hiyo barazani ulizeni mapema.

Gulf Energy watakapokuja barazani kwa ushiriki wa umma, au aliyetumwa na serikali kwa niaba yao, msianze na zabuni. Waulizeni: mkiuza kwa mwingine kama Tullow alivyouza, ahadi zenu zinauzwa pamoja na visima au zinabaki hewani? Kila pipa litaacha kiasi gani kwenye mfuko wa siku ya kufunga, na nani atashika vitabu vya mfuko huo? Na watakapokuja watu wa Mpango wa Shirika pale Kakuma, mama zangu wa mkaa, msikae nyuma kama kawaida. Visima vya maji vya kambi viko kandokando ya mto Tarach, na nyinyi pia mnateka hapo. Pampu zinaendeshwa na pesa ya mashirika. Ulizeni pampu hizo zimeandikwa kwa jina la nani, na mwaka ambao mashirika yatakuwa yameondoka, nani atanunua vipuri. Mtaambiwa swali hilo litajibiwa baadaye. Mwandike jina la aliyesema hivyo, na tarehe.